Lifti ya Jumanne Asubuhi

S.L.P. 212,
Tarehe 9 Mei.

Mpendwa mwanangu Chiriku,

Kabla sijakujulia hali, niseme: nimekuficha jambo la marehemu baba yako kwa miaka thelathini na moja. Nikianza na salamu, nitaishia kwenye salamu.

Haya, hujambo? Mapacha wazima? Mimi moyo unakwenda kwa kusitasita, na daktari ameacha kunidanganya. Mimi baba yako mdogo sasa hupumzika mara mbili kati ya kitanda na dirisha.

Unavijua vitabu vyangu, nilivyoanza kuandika baada ya kuacha uhandisi: shujaa anaingia kwenye lifti, anabonyeza namba, anatokea mwaka mwingine. Juma lililopita mhariri alikuja na vyote saba, vichapishwe upya. Akaniuliza huku akicheka, "Mzee, mbona popote anapokwenda huyu bwana, lazima apitie Jumanne moja asubuhi, azuie lifti isianze kazi? Huchoki nayo?"

Nilibisha. Akanifungulia kurasa, kitabu baada ya kitabu. Mwanangu, nilipigwa na butwaa. Chai ilinimwagikia mapajani nisiisikie. Nilidhani nabuni safari za ajabu. Kumbe miaka yote nilikuwa naungama, na mwenyewe sina habari.

Jumanne hiyo unaijua. Ndiyo siku lifti ya jengo jipya ilipoporomoka, ikamvunja mfagiaji miguu yote miwili. Baba yako ndiye aliyekuwa fundi wake, mimi mhandisi wa kuikagua. Aliwaambia wakubwa kwamba alikuwa ameniandikia nisisaini hati ya kuiruhusu lifti ianze kazi. Mimi nikasema sikupata barua yoyote. Akafukuzwa, na bisibisi hakuishika tena. Wewe ukaondoka hapa ukiamini kuwa baba yako alikuwa mzembe, na hata msibani kwake hukutaka kumsemea neno.

Nisalimie mumeo, na wajukuu zangu uwabusu. Shangazi yako anakusalimu, hajui ninaloandika. Mungu akutunze, hata kama hutanisamehe.

Barua ya baba yako niliipata Jumatatu mchana. Aliandika: "Mdogo wangu, breki hazishiki. Panda ukaone mwenyewe, maana kalamu haipandi ngazi." Niliisoma, nikaichana, nikasaini.

Akupendaye hadi pumzi ya mwisho,
Baba Mdogo