Karatasi Niliyoitundika Juu ya Cherehani

Mdogo wangu mpenzi,

Pokea salamu za dada yako. Goti limepoa? Shemeji na watoto hawajambo? Sisi huku wazima wa mwili. Ya moyoni utayasoma mbele.

Kwanza, ile barua pepe ya dawa ya kupunguza tumbo iliyokuja kwa jina langu, ifute. Sikuituma mimi. Najua ulinuna, na tumbo lako halina kosa lolote.

Binti yangu unamjua, usiseme nimeanza. Ofisi nzima yeye ndiye anayezuia mashine za matapeli zisiingie kwenye anwani za watu na kumwaga barua za takataka. Kila anwani ameiwekea kikomo, barua hamsini kwa saa, basi. Kichwa kile hakukitoa kwa baba yake. Wateja wananiita Mama Kompyuta, nami naitika.

Aliomba ruhusa kwa bosi wake, akanifungulia anwani kwenye mtambo wao nipokee oda za nguo. Nikamng'ang'ania aniondolee kile kikomo, maana nilitaka kuwatangazia wateja wote kwa mpigo kwamba amepandishwa cheo. Akakataa. Nikanuna siku mbili, akaondoa.

Jumatatu mashine ya matapeli ikaingia kwenye anwani yangu, ikatuma barua elfu kumi na moja kwa jina langu. Sasa barua za ofisi yao zinakataliwa kila mahali. Bosi akauliza neno la siri la kufungulia anwani yangu limetokaje nje. Binti yangu akajibu, "Ni uzembe wangu." Amesimamishwa kazi, Ijumaa wanaamua kama atarudi.

Mdogo wangu, neno lile aliniandikia kwa mkono wake, kwenye karatasi yenye nembo ya ofisi, jina lake na cheo chake. Alisisitiza nilishike kichwani, kisha niichane. Ningeichanaje? Niliitia fremu, nikaitundika juu ya cherehani. Wateja wakaipiga picha, wakazirusha mitandaoni, na mimi ndiye niliyekuwa nawafungulia pazia mwanga uingie.

Jumanne alikuja akaiona. Aliisoma, akaniangalia, akaomba maji ya kunywa. Mpaka leo hajanilaumu hata kidogo. Siwezi kumtazama usoni.

Kesho asubuhi naenda kwa bosi wake, fremu kwapani, nikamwambie ni mimi. Usije kunisindikiza. Kujisifu nilijisifu peke yangu.

Nisalimie wote hapo nyumbani. Wakiuliza habari za binti yangu, safari hii wamuulize mwenyewe.

Ni mimi dada yako,
fundi cherehani