Safari ya Peke Yangu na Sahani za Ukoo

Montluçon,
Jumapili, 6 Julai

Mpendwa Shangazi Mireille,

Shikamoo. Kabla hujasoma zaidi kaa vizuri kitini, maana anayekuamkia ndiye mpiga picha mkubwa kuliko wote waliowahi kukanyaga ardhi ya Ufaransa. Sijisifu, nasema yaliyopo. Juzi nimeupiga picha mnara wa kanisa letu, ule uliopinda, nao ulipoiona kamera ukajinyoosha wenyewe kwa heshima. Wale walionitimua chuo cha makanika wakidai sina kichwa, ipo siku watanunua kalenda zangu na kuzibusu ukutani.

U hali gani huko Kanada? Mgongo umetulia? Mama alituambia theluji ilikaa kwenu mpaka Mei, nikakuonea huruma, ingawa bora theluji kuliko huu ukoo wetu. Sisi huku afya tunazo. Mama mzima, Baba mzima na tumbo lake zima zaidi. Baba yako, Babu Anselme, anakula vizuri, ila macho yanazidi kufifia, gazeti sasa analisomea puani. Mimi mwili hauna neno, roho ndiyo imechafuka. Nimekinai watu, Shangazi. Ngoja nikueleze.

Unajua tangu Pasaka napanga safari ya kupiga picha, mimi na ile kamera ya Babu aliyowapigia picha maharusi wa mji huu wote mpaka akastaafu. Moulins, Le Puy, Albi, Arles, kisha baharini. Kwa treni ndogo zile zinazosimama hata pasipo na abiria. Peke yangu. Nataka nisimame kwenye kona ya ukuta wa mawe, nisubiri jua lishuke taratibu mpaka lifike ninapotaka mimi, bila mtu wa kuniuliza kama nina njaa. Sitaki kingine duniani.

Kosa langu lilikuwa kutandaza ramani mezani siku ya Jumapili, jibini halijaondolewa.

Mama alikitua kidole Moulins kama anayeua nzi. "Hapa utakula kwa Bi Ginette."

"Mama, naenda kulipiga picha daraja."

"Daraja litakungoja. Ginette akisikia umepita Moulins hukukanyaga kwake, uso wangu nitauweka wapi?"

Baba naye, kidole kinateleza siagi, akatua Albi. "Na huku yupo mjomba wako Régis. Nyumba yake haipitwi. Wala huendi mikono mitupu, si desturi yetu. Utambebea jibini."

Basi mpaka kahawa inaletwa, kila mji niliouchagua kwa ajili ya mwanga ulikuwa umegeuka sahani. Le Puy kuna mama wa ubatizo wa sijui nani. Arles kuna mtu aliyekuwa jeshini na Baba, nami simjui hata kwa kivuli. Nikahesabu mwenyewe, katika safari yote ya peke yangu sikubakiwa na hata mchana mmoja wa peke yangu.

Na sahani zenyewe, Shangazi! Wewe ulikimbia mapema, huenda umesahau. Bi Ginette bado anapika utumbo wa ng'ombe unaotetemeka sahanini kama una homa. Yale mabusu yake ya mashavuni ni ya mtu mwenye masharubu, na mbwa wake hukaa kitini, mezani, na leso shingoni. Wakati fulani mbwa analamba kijiko, kijiko kinarudi bakulini, na mimi ndiye ninayeitwa mchafu kwa sababu ya kucha zangu.

Mjomba Régis ni balaa jingine. Soseji zake za matumbo ya nguruwe zinanuka kama kulekule zilikotoka. Unakula umezuia pumzi, naye anakufungulia picha za samaki aliowavua, samaki mmoja mmoja, mpaka unawaonea huruma samaki.

Hilo jibini nalo nililetewa mapema nilione. Jibini laini, mwezi wa Julai, ndani ya treni, kwenye begi moja na kamera! Lile halihitaji kubebwa, lingekata tiketi lenyewe likakaa karibu na dirisha. Nilipolifungua, hata nzi aliyeingia jikoni alisita mlangoni. Mama akasema, "Limeiva tu." Kwa nchi hii kila kilichooza kimeiva.

Jumamosi iliyopita nikaenda Moulins kujaribu, kimyakimya. Daraja zuri, sina la kusema. Nikapiga goti ukingoni mwa mto nipate tao lote, goti likazama kwenye mavi ya mbwa. Nageuka kutafuta jani la kujifutia, namwona mbwa mwenyewe, ana leso shingoni. Nilijificha nyuma ya masanduku ya maua mpaka Bi Ginette akapita, nikajiona mjanja. Nafika nyumbani, Mama amesimama mlangoni na simu mkononi.

"Eti ulikuwa umeinama kwenye maua unafanya nini? Ginette anauliza kama una tumbo la kuendesha."

Hapo ndipo akili yangu ilipofanya kazi iliyonishangaza hata mimi. Agosti! Nani nchi hii anabaki nyumbani Agosti, mwezi wa likizo? Mwokaji anabandika karatasi kwenye kioo anaondoka, fundi wa mabomba anaondoka, daktari naye anakuachia ugonjwa wako anaondoka. Bi Ginette anahamia baharini na mbwa wake, Régis anavuta karavani yake, ile nyumba ya magurudumu, kwenda kuwasumbua samaki wengine. Miji inabaki na mbao za madirisha zimefungwa na paka wamelala barabarani. Mwanga wote wangu, na hakuna shangazi wa kunibusu, wewe nimekutoa. Nikatangaza: safari ni Agosti. Mama akafungua mdomo, akaufunga. Tangu nizaliwe sijawahi kuliona hilo. Nilicheza dansi ukumbini peke yangu nikijiita mfalme.

Sasa Shangazi, najua uliuliza katika ujumbe wako wa mwisho: Agosti Babu atabaki na nani? Nimejaza kurasa hizi zote na sijakujibu.

Unajua mwenyewe ilivyo. Mama na Baba huenda kambini kule pwani, na Babu hataki, anasema mchanga ukiingia kwenye soksi hautoki mpaka Krismasi. Tangu Bibi atutoke, Agosti ni mimi naye. Tunafunga mbao za madirisha mchana, jioni tunakaa kwenye ngazi za mlango tunakula tikitimaji na kuzitema mbegu kwa jirani asiyekuwepo.

Juzi Mama akaniuliza jikoni, "Na Babu je?"

Na mimi, mdomo wangu unaujua. Nilikuwa bado nanuka lile jibini, na hasira yote ya wiki ikanitoka kwa mtu asiyehusika. Nikasema, "Mpelekeni baharini! Mlazeni kwenye karavani yenu! Kila mtu amejibandika kwenye safari yangu, sitaburutana na mzee anayekohoa na kunuka dawa ya kuchua. Peke yangu maana yake peke yangu!"

Mama alikuwa anatazama nyuma yangu. Babu alikuwa amesimama mlangoni na kikapu cha maharage mabichi kutoka bustanini.

"Haya machanga," akasema, "msiyachemshe sana." Akaketi, akaanza kuyakata ncha.

Kuna sanduku dogo la kahawia, Shangazi, lilikuwa nyuma ya mlango wa chumba chake tangu Pasaka. Sote tuliona ni kusahausahau kwa uzee. Mama alijigonga nalo kidole akalilaani mara ngapi. Siku ile baada ya chakula likawa limerudi juu ya kabati. Nikalishusha nikijua ni tupu, nitie nguo zangu. Halikuwa tupu. Mlikuwa na mashati yaliyopigwa pasi, kofia ya jua, kile kipima mwanga chake cha zamani amekivika soksi kisigongwe, na kigoda cha kukunja. Kigoda cha nini? Cha kukalia mtu anaposubiri jua lishuke.

Ukoo mzima ulijialika kwa kelele na vidole vya siagi. Yeye hakusema neno. Alifunga sanduku, akangoja nimwite. Na ni yeye pekee katika wote hawa ambaye hajawahi kuniuliza kama nina njaa.

Leo asubuhi nimemwambia, "Babu, twende wote."

Hakuinua kichwa. "Safari ya mtu mmoja, mjukuu wangu, ni ya mtu mmoja. Mimi nina paka." Kisha akaichukua kamera, akaipumulia lenzi, akaifuta kwa pindo la shati polepole, lenzi asiyoiona vizuri, akanikabidhi.

Hilo ndilo lililoharibika, Shangazi. Mengine yote niliyokuandikia yalikuwa jibini tu.

Nisalimie Bwana Marcel na binti yenu Clémence, waambie tunawakumbuka. Mama na Baba wanakusalimu. Babu hajakusalimu kwa sababu hajui nakuandikia, na usimwambie. Wewe mpigie tu kama kawaida yako, umuulize Agosti anakwenda wapi, umsikilize atakavyojibu. Sanduku sijalirudisha juu ya kabati. Nimeliweka nyuma ya mlango, pale pale lilipokuwa.

Mungu aulaze mgongo wako salama na akuepushe na barafu ya ngazini.

Ni mimi wako akupendaye, asiye na lolote la kujisifia leo,

Loris