Fundi Kasema Nisiizime

Shoga, nakuandikia mbio mbio.

Ile kompyuta yangu inayochelewa kuwaka? Nilizuia programu zinazojiwasha zenyewe, kama tulivyofundishwa darasani jioni. Wapi!

Leo fundi kaja, kaitegea sikio. "Dada, diski inakufa. Hamisha vitu vyako kwanza, ndipo tuweke mpya. Ukiizima sasa, haiwaki tena."

Haiwaki tena, shoga!

Video za marehemu mume wangu akimbembeleza mtoto zimo humo tu. Zinahama mwendo wa kobe, hata nusu bado.

Na radi imeanza kunguruma. Mama mkwe unamjua, radi ikipiga anachomoa kila waya. Sasa kashika plagi ya kompyuta.

"Mama, tafadhali, mwanao yumo humo."

"Mwanangu nilishamzika. Nawalinda mliobaki."

Mkono wake bado umeshika plagi.