Pindo la Sentimita Tano

Chang'ombe, Temeke

Dada Zuhura,

Shikamoo. Natumaini mama ni mzima na baridi ya Newala haijamwamshia kikohozi chake. Mwandiko usikutishe, naandika kwa mkono wa kushoto. Simu zangu hupokei, ndiyo maana barua hii nimempa jirani anayekuja huko.

Umeambiwa nimemfungisha mumeo. Nisikilize na mimi.

Mzee mmoja wa Kiarabu, mwenye duka Buguruni, alituletea karakanani ubao wa mkongo, urefu sentimita mia, upana themanini. Alitaka tuchonge pindo la maua kuzunguka pande zote, upana mmoja, na katikati abandike karatasi za dhahabu alizokwisha kununua, za kutosha sentimita za mraba 6,300. Mumeo Selemani akaandika (100 − x)(80 − x) = 6,300. Akapata x ni kumi. Akahakikisha, tisini mara sabini, ikatimia, akachukua patasi.

Wewe ndiye uliyenifundisha hesabu hizi kwa mkaa, kwenye ukuta wa jiko la mama, kwa hiyo utaniamulia. Pindo liko kushoto na kulia, juu na chini. Kila kipimo kinapungua mara mbili: (100 − 2x)(80 − 2x) = 6,300. Fungua mabano, gawa kwa nne, unapata x² − 90x + 425 = 0, yaani (x − 5)(x − 85) = 0. Themanini na tano unaitupa, ubao wenyewe hauna upana huo. Pindo ni tano. Kwa kumi yake, ubao wa watu ungeharibika.

Nikamwambia kwa utani, kama tunavyotaniana tangu akuoe: "Shemeji, ubao una pande mbili. Au wewe unaonaga upande mmoja tu, kama siku ile ulipomchagua dada?"

Tungekuwa wawili angecheka. Lakini mzee alikuwepo, na aliyecheka ni mzee. Selemani akanyanyua nyundo. Mkono wangu wa kulia ulikuwa juu ya ubao, umeshika penseli. Akaupiga, akaupiga tena, nikasikia vidole vinavunjika. Nikamrukia, nikamng'ata sikio mpaka likaning'inia. Damu yetu ikaujaza ubao. Hata mafundi wa jirani waliponishika, bado nilitaka kumuua, dada. Sikufichi.

Daktari anasema vidole viwili havitakunjika tena. Nilikuwa mchongaji. Nina uchungu sana.

Polisi wananingoja mimi tu, nikiifuta kesi anatoka. Ujumbe wako umenifika, kwamba wanao wanamwulizia baba yao kila jioni. Kesho nitaifuta. Ni kwa ajili yao, si yake.

Nisalimie mama, na mjomba aliyenishikisha patasi mara ya kwanza. Habari za mkono mjomba usimwambie.

Akitoka, mwite huko nyumbani upesi. Asipitie karakanani kuniomba radhi. Mkono wa kushoto ni mzima, na nyundo ipo palepale alipoiacha.

Ni mimi mdogo wako,
Bakari