Sentensi ya Kila Asubuhi

4 Machi

Baba mpenzi,

Shikamoo. Natumaini umeamka salama na hujawachosha manesi kwa utani wako. Mimi mzima, isipokuwa miguu ya kusimama maabara kutwa.

Mfuko wa damu yako umetufikia. Sikuugusa. Kwetu hapa ndugu haruhusiwi kushika damu ya nduguye, hisia zisije zikamtetemesha mkono. Wenzangu wamezisoma jeni za chembe zako nyeupe, wale askari wa mwili, kisha wakazipachika jeni mpya ili ziitambue hiyo saratani iliyokuwa ikijificha mbele ya macho yao. Sasa tunazikuza ziwe jeshi. Zikirudishwa mwilini, askari hao wanaweza kupandwa na mori hadi kichwa chako kichafuke. Basi nakuomba uwasikilize manesi kwa kila kitu, hata ukikiona cha kipuuzi.

Mwanao

19 Machi

Binti yangu kipenzi,

Marahaba. Hali yangu si haba. Mfuko ulivyorudi niliuona mdogo, nikamwuliza daktari kama jeshi lote limo au wengine wako likizo. Homa imekuja, wameipoza.

Naandika kwa kalamu na kupiga picha, maana kuchapa kwenye simu ni kudonoa kama kuku. Mchora mabango mzima nidonoe!

Kila asubuhi nesi ananipa karatasi niandike sentensi moja. Nadhani anaupenda mwandiko wangu, maana zote anazitunza kwenye faili. Ila tangu jana mkono umekuwa mzito na herufi zinateleza. Aibu hiyo siitaki. Bahati nzuri, nilipokuwa na nguvu niliandika sentensi kadhaa za akiba nikazificha chini ya mto. Leo nikajifanya naandika, nikampa moja. Kaisifu! Baba yako bado ni fundi.

Baba yako

19 Machi, mchana

Baba,

Leo salamu zitangoja. Hiyo sentensi si ya kukusifu, ni kipimo! Askari wakifika kuusumbua ubongo, mkono huanza kusema kabla ya mdomo. Mistari ya barua yako imeporomoka, na maneno ya mwisho nimeyasoma kwa kubahatisha. Nimepiga simu wodini, wanakuja kwako sasa hivi. Wape hizo karatasi za chini ya mto, zote. Nilikuambia uwasikilize, sikukueleza sentensi ni ya nini. Nisamehe. Naogopa, Baba.

Mwanao

23 Machi

Baba,

Shikamoo. Mama anasema jana hukumtambua. Ulimwita mteja, ukamwambia bango lake halijakauka. Tulicheka kwenye simu, kisha akaniomba nisikate. Wanakupa dawa ya kuwatuliza askari. Sijui kama kuna atakayekusomea hii, lakini siwezi kuacha kukuandikia. Nakupenda sana.

Mwanao

2 Aprili

Binti yangu,

Marahaba, na nyingine kwa zile nilizokosa kukuitikia.

Nimerudi. Siku kadhaa sijui zilikwenda wapi. Daktari anasema saratani haionekani tena kwenye damu. Wataendelea kuitafuta, lakini kwa sasa haipo. Mama yako amelala kwenye kiti, mdomo wazi. Anakoroma, nami nafurahi tu kwamba namjua ni nani.

Nilipoficha sentensi zile haikuwa maringo peke yake. Niliona nikikosa mkono wangu wa kazi, hata nikipona sitakuwa mtu. Juzi nesi akaleta karatasi, nikaandika mbele yake. Herufi zikalala kama walevi. Nililia. Yeye akafurahi, akasema, “Mzee, jana ulishindwa hata herufi moja!”

Mkono huenda ukarudi, huenda usirudi wote. Barua hii imekula asubuhi yangu nzima. Usiniambie mwandiko ni mzuri, sitakuamini. Niambie tu kwamba umeweza kuisoma.

Baba yako