Visanduku vya Elia kwenye duka langu

Jumanne, Same

Na bado Elia anasema vinavutia wateja! Mdogo wangu huyu ndiye aliyenifungulia duka la mtandaoni la kuuzia tangawizi ya mama, na mwezi uliopita akaliongezea popapu. Ukifungua tu, kisanduku kinarukia kioo chote: jiandikishe upate punguzo. Ukikifunga, kinakuja kingine.

Leo amenipigia Mama Neema wa Dodoma, mteja wangu wa siku zote. "Marahaba, mwanangu. Nataka kununua tangawizi, simu inaniuliza kama nataka tangawizi. Nikikubali, inaniuliza tena. Nimechoka, nimenunua sokoni."

Niliona aibu. Tangawizi aliyoshusha mama kutoka Gonja imeanza kuchipua chumbani, nami nilidhani watu hawana hela.

Nikamwita Elia. "Hebu nunua kilo moja kwa simu yangu."

Akabonyeza, akafunga, akabonyeza tena, mpaka jasho likamtoka. "Dada, alama ya kufungia iko wapi?"

"Si wewe uliyeiweka?"

Ameviondoa vyote, kanuna. Lakini kesho mama atauliza kwa nini mzigo haujaisha, na sijui nitamwambiaje kwamba wateja walikuja, tukawazibia mlango sisi wenyewe.