Mama Kaenda Kwenye Mpira

Baba, shikamoo.

Wali na mchuzi wa nguru vimo jikoni, vipashe moto. Dawa ya presha ipo juu ya friji, usijisahaulishe.

Mimi na Mama tumekwenda Sur, Thabit anacheza. Asubuhi ulimwambia Mama ni aibu mtu mzima kukaa garini kando ya kiwanja, anapiga honi mwanawe akifunga. Alivua buibui akalirejesha kabatini. Mimi nikalitoa tena. Hujapata kumuona Thabit akishafunga: wenzake wanamkimbilia, yeye anaitafuta gari.

~~Usitungoje.~~ Badar wa jirani anatoka saa nane, mwambie akulete.

Tumechukua gari yako. Honi ya yangu ilikufa Ijumaa iliyopita, kwenye bao la tatu.

Mwanao, Maram